Pasta Alisema Viatu vya Binti Yangu Vina Pepo

Nimeona wagonjwa wakiombewa. Nimeona gari jipya likimwagiwa mafuta ya upako mpaka kioo cha mbele hakipitishi mwanga.

Lakini kanisa zima kusimama na kukemea jozi ya viatu, hiyo nimeiona mara moja tu maishani. Na viatu vyenyewe vilikuwa vimekaa magotini pangu.

Viatu vya binti yangu.

Huku mtaani kwetu Berea kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na wengi wanaoisimulia hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Kaeni.

Naitwa Marthe, ila wengi wananiita Mama Falonne. Nimetoka Uvira, Kongo. Shule yangu iliishia ya msingi. Mume wangu Parfait amelala makaburini hapa hapa Johannesburg, na Mungu ninayemwomba ni yule yule niliyemwomba Uvira. Sikumbadilisha mpakani.

Kazi yangu ni kugawa viatu.

Kuna mall moja ukishaipita Sandton, ndani yake kuna uwanja wa barafu. Watu wanakuja na viatu vyao vya kawaida, wananiachia kaunta, nami nawapa vya kukodi vya kutelezea. Ni buti ngumu, na chini ya soli kuna kisu kirefu cha chuma. Ndiyo, kisu. Mlikumbuke hilo neno.

Falonne alikuwa mdogo, hana wa kubaki naye. Akitoka shule anakuja kukaa chini ya kaunta yangu na kalamu zake za rangi, kimya kama mzigo.

Siku moja kocha wa pale akainama akamwona. Kocha Ummi ni mama wa mtaa wa Lenasia, Muislamu, kitambaa kichwani, na sauti yake inafika parking bila maikrofoni.

"Mama, huyu wa chini ya meza ni wa nani?"

"Wangu. Samahani, hasumbui."

"Najua hasumbui. Ndiyo maana nauliza. Anavaa namba gani?"

Hivyo tu. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Kitu kimoja kilinishangaza. Siku ile Kocha Ummi hakumfundisha mtoto kuteleza. Alimfundisha kuanguka.

"Ukianguka, usihangaike na miguu," alimwambia. "Miguu itakukimbia. Piga magoti kwanza. Ukishapiga magoti, weka mguu mmoja, halafu wa pili. Kwenye barafu hakuna njia nyingine ya kusimama. Hata uwe nani."

Mimi nyuma ya kaunta nikatabasamu. Nikasema, huyu mama haji kanisani kwetu, lakini mahubiri yake nayaelewa kuliko ya wengine ninaowajua.

Falonne akaanguka. Akapiga magoti. Akasimama. Akaanguka tena. Mwaka mzima nilikuwa nakanda magoti yake kwa maji ya moto na chumvi.

Halafu siku moja akaacha kuanguka.

Eish. Sijui niwaeleze vipi. Mtoto wangu, aliyekuwa haongei, akiingia barafuni anaongea kwa mwili mzima. Akachukua nishani ya watoto ya jimbo letu la Gauteng. Mwaka uliofuata akaichukua tena. Akaenda Cape Town kushindana na wasichana ambao mama zao wanawaleta na magari yenye viti vya moto, akawashinda, akarudi na basi akilala begani kwangu, nishani shingoni, kinywa wazi.

Akavunjika mkono, akapona. Akajifunza ule mruko ambao msichana anaruka akitazama mbele, anajizungusha mara mbili na nusu hewani, na kutua kwa mguu mmoja akirudi nyuma. Wenyewe wanauita dabo akseli. Ulimchukua muda mrefu sana. Siku alipoutua, Kocha Ummi alilia, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akamwambia, "Sharp. Sasa rudia."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea nguo za mashindano.

Sasa tuje kanisani.

Kanisa letu liko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Waumini ni Wakongo wengi, Warundi kiasi. Mchungaji ni Pasta Ezéchiel. Suti rangi ya maziwa, viatu vyenye ncha ndefu, miwani nyeusi hata mvua ikinyesha.

Na hapigi magoti.

Sisi wote tunapiga magoti kwenye saruji. Yeye anabaki amesimama na maikrofoni, anasema mtumishi wa Mungu anaomba kama jenerali. Zamani nilidhani anaumwa goti. Baadaye nikaangalia vizuri. Goti halina shida. Ni suruali.

Sikukuu ya kanisa, akina mama tunavua vitenge vya juu tunavitandika kuanzia ngazini mpaka madhabahuni, naye anapita juu yake taratibu. Kwetu hiyo ni heshima ya bibi harusi, au ya mgeni mkubwa aliyekuja mara moja. Yeye aliigeuza kuwa ya kila mwezi.

Anayesimamia vitenge ni Maman Clémentine, rais wa akina mama, mtu wa Lubumbashi. Huyo ukikohoa chumbani kwako, kesho anakuuliza kifua kinaendeleaje.

Yeye ndiye aliyeipata ile video.

Ilikuwa ya Falonne akizunguka. Ameshika kisu cha kiatu kwa nyuma, mguu umepanda juu ya kichwa, anazunguka mpaka uso hauonekani. Ilikuwa ikipita kwenye simu za watu. Clémentine akaipeleka kwa Pasta kabla hajanipelekea mimi, mama mzazi.

Jumapili hiyo nikaambiwa nije na mtoto na viatu.

Nikaja. Nilidhani wanataka kuvibariki. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Mama Falonne. Useme ukweli mbele za Mungu. Huyu mtoto anakanyaga nini?"

"Barafu, Pasta."

"Chini ya mguu wake! Kuna nini chini ya mguu?"

"Kisu."

Kanisa likaitika, "Yesu!"

"Mmesikia? Amesema mwenyewe! Mtoto anasimama juu ya visu, anazunguka kama feni, haanguki, hata kizunguzungu hapati. Ndugu zangu, mimi nikizunguka mara mbili tu naanguka. Nani anamzungusha huyu?"

"Na mapaja, Pasta!" Clémentine akadakia. "Usisahau mapaja! Iko nje yote!"

Nikamgeukia. "Maman Clémentine, anavaa soksi nzito za rangi ya ngozi kutoka kidoleni mpaka kiunoni. Aliyeona mapaja ni aliyeikuza picha kwa vidole viwili."

Kuna mtu alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Nikatazama. Alikuwa Pascasie, mke wa Pasta. Mrundi, mpole, ukimsikia akisema neno kanisani basi ni "Amina". Pembeni yake binti yao Yolande, kidevuni ana plasta. Walisema ameanguka bafuni.

Pasta akashuka madhabahuni. "Leo vitachomwa moto."

Nikavishika magotini. Falonne naye akavishika.

"Haibo, Mama," akaninong'oneza. "Asiguse. Vimetoka kwa fundi jana."

Pasta hakusikia, au hakutaka kusikia. Akanyoosha mkono akakamata kiatu kwa chini ili akipokonye kwa nguvu.

Kwa chini, wapendwa. Kwenye kisu.

"Aaah!"

Damu ikatoka kidoleni, tone moja likaanguka kwenye buti nyeupe.

"Damu!" akapiga kelele. "Mmeona? Pepo anapigana! Shetani amejibu!"

Watu wakaanza kunena kwa lugha, wengine wakakimbilia mlangoni. Clémentine akaanguka chini peke yake, akachagua sehemu yenye zulia.

Mimi nikasema kwa sauti ya kawaida tu, "Pasta, kimenolewa jana. Kisu kinakata."

Falonne akatoa leso, akaanza kufuta kiatu chake. "Yoh, amenichafulia buti," akasema. Alama ile ndogo ya kahawia mpaka leo haijatoka.

Wakanipa nafasi nichague. Viatu au kanisa.

Nikamshika mtoto mkono, tukashuka ngazi. Mungu tulishuka naye. Wao nikawaachia ukumbi wao, na harufu yao ya magodoro.

Baada ya hapo akina mama wakaacha kunisalimu. Tukikutana kwenye robot, zile taa za barabarani, wao wanavuka kabla taa haijageuka. Wanaona heri kugongwa na taksi kuliko kusimama karibu na mama wa mtoto wa visu.

Mmoja tu ndiye aliyeendelea kunisalimu. Pascasie. Na salamu zake alikuwa akiniletea Jumamosi, siku anayoaga nyumbani kwamba anakwenda kutazama wagonjwa. Hilo liwekeni pembeni kwanza.

Ukafika mwaka wa Falonne kutimiza umri wa mwisho wa mashindano ya vijana.

Nifafanue, maana kila kitu kilisimama hapo. Ubingwa wa taifa wa vijana unachukua mmoja. Huyo mmoja ndiye anayepelekwa Ulaya, kwenye mashindano ya vijana wa dunia nzima. Falonne alikuwa ameshika nafasi ya pili mwaka uliotangulia, na mwaka uliofuata angekuwa mkubwa mno kwa kundi hilo. Karatasi zake za uraia wa hapa zilikuwa zimeshatoka, na hizo zina machozi yake mengine, siyaweki hapa. Kilichobaki ni kushinda. Akikosa safari hii, hakuna nyingine.

Miaka yote ya kukaa chini ya kaunta, ya chumvi na maji ya moto, ilikuwa inakwenda kwenye dakika chache za muziki.

Wiki ile runinga ikamwonyesha asubuhi. Mtangazaji akamwita "binti wa Berea". Bado sijazima sauti, simu ikalia.

"Alooo! Maman ya championne!"

"Nani?"

"Ni miye Clémentine! Maman, tumeona mutoto wetu kwa televizyo! Kanisa yote iko inalia!"

"Mtoto wenu?"

"Ah, Maman. Ule mutoto tulimulea wote."

"Mlimlea wapi, Clémentine? Kwenye robot?"

Akacheka kama vile nimemsifu. Watu wa aina hiyo hata uwapige na mwiko watakushukuru kwa mboga.

"Pasta anasema tunakuja na basi muzima. Kitenge tumeshakata, ya aina moja. Na anasema ukumbuke, ile siku alimwaga damu yake kwa vile viatu. Ile ilikuwa upako, Maman. Njo maana anashinda!"

Nikakaa kitandani.

Ndugu msomaji, mtu alijikata kwa kukosa adabu, akashtaki pepo, akatufukuza. Sasa lile tone alilomchafulia mtoto buti limegeuka mafuta matakatifu. Hata aibu haijui wapi pa kukaa kwenye uso kama huo.

Siku ya mashindano wakaja. Basi zima. Vitenge vya kijani na njano, vilemba vimesimama kama majogoo, vigelegele kabla hata taa hazijawashwa. Wakakaa mstari wa mbele, karibu kabisa na mlango mdogo wa kuingilia barafuni. Pasta kwa suti yake ya maziwa, anapungia watu mkono. Wazungu nyuma wakadhani ni balozi.

Pascasie hakukaa nao. Nilimwona amesimama upande ule mwingine, karibu na watoto wadogo wa maua.

Watoto wa maua ni wanafunzi wadogo wa kuteleza. Mchezaji akimaliza, mashabiki hutupa maua na midoli barafuni, na hawa ndio wanaoingia kuokota. Wanakuwa wamevaa sare, kofia na glavu, wote wanafanana.

Zamu ya Falonne ikafika.

Muziki wake ulikuwa piano tupu. Nguo ya bluu niliishona mimi. Akaanza.

Mruko wa kwanza, akatua. Wa pili, akatua. Kocha Ummi kando yangu anasema Kiarabu chini chini, mimi nasema Kiswahili chini chini, na nadhani sala zote mbili zilikuwa zinafika mahali pamoja.

Katikati ya muziki kuna mahali piano inanyamaza. Falonne mwenyewe ndiye aliyepaomba. Anateleza mpaka katikati ya uwanja, anapiga magoti, anainamisha kichwa, mikono kifuani. Kimya. Halafu piano inarudi, na huko mbele ndiko dabo akseli inakomsubiri, ile ya kuamua kila kitu.

Akapiga magoti. Kimya.

"AMEMALIZA!"

Ilikuwa sauti ya Clémentine.

"Amemaliza! Akina mama, vitenge! Tumutandikie mutoto!"

Nikasimama. "Bado! Kaeni chini! Bado!"

Nani atanisikia kwenye vigelegele vile? Vitenge vikaruka juu ya ukuta, kijani na njano vikamwagika barafuni. Na Clémentine, ambaye kutupa hakumtoshi, akausukuma ule mlango mdogo akaingia mwenyewe, kitenge mkononi, kwa viatu vya kisigino kirefu, ili atandike vizuri kutoka mlangoni hadi miguuni pa bingwa.

Alipiga hatua moja. Hiyo moja ilikuwa nzuri.

Ya pili hakuikamilisha. Akalala chali, kilemba kikaenda peke yake mpaka upande wa majaji.

"Pasta! Nakufa!"

Pasta naye, kwa kuwa watu wanatazama, akaingia kumwokoa. Akakanyaga kitenge, vile vile alivyozoea kupita juu yake kila mwezi. Safari hii kitenge kikaondoka na mguu wake mmoja. Wa pili ukabaki kuuliza maswali. Akaketi kwa kishindo mpaka miwani ikamtoka.

Refa akapuliza filimbi. Taa zikawashwa zote.

Ukumbi ukawa unacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama mtoto wangu pale katikati, bado yuko magotini. Miguu inapoa. Pumzi inapotea. Mwaka wa mwisho, na watu walioutukana ndio waliokuja kuuharibu wakiwa wamevaa sare.

Mwalimu mmoja wa klabu nyingine akawa anamfokea refa kwamba Falonne aondolewe, fujo ni za watu wake.

Kocha Ummi akamkatiza. "Watu wa kanisa si mchezaji! Sheria inasema anaendelea pale alipokatizwa!" Kisha akageukia uwanja na sauti yake ile. "Nyuzi! Okoteni nyuzi zote za vitenge! Uzi mmoja ukiingia chini ya kisu, ataruka nao!"

Watoto wa maua wakaingia, wakaanza kukusanya vitenge na kupitisha glavu juu ya barafu. Wawili wakamkalisha Clémentine juu ya kitenge chake wakamburuta mpaka mlangoni kama gunia la unga wa mahindi. Alikuwa anasali kwa Kifaransa.

Pasta ndiye aliyekuwa tatizo. Kila akisukuma kwa miguu, miguu inamkimbia. Akijaribu tena, analala kifudifudi. Suti ya maziwa ikawa inavuta maji kama sponji.

Mtoto mmoja wa maua akaja akasimama mbele yake, akapiga breki vizuri kabisa, barafu ikaruka.

"Papa, acha kusukuma. Piga magoti."

Pasta akainua uso.

Mtoto akavua kofia.

"Yolande?"

"Piga magoti kwanza, Papa. Ndiyo unasimama."

"Wewe unafanya nini hapa? Nani... nani amekuvalisha hivyo viatu?"

Kutoka ukutani sauti ya mwanamke ikajibu, si kubwa, ila ukumbi ulikuwa umenyamaza ili usikie.

"Mimi."

Alikuwa Pascasie.

Ndiyo. Wagonjwa wa Jumamosi walikuwa ni hawa. Bafu lililompasua Yolande kidevu lilikuwa bafu la barafu. Tangu kabla hata ya ile Jumapili ya damu, mke wa Pasta alikuwa anamleta binti yake kwa siri, na namba ya mguu wa huyo mtoto mimi naijua kuliko baba yake. Aliniomba ninyamaze. Nikanyamaza, hata siku walipokuwa wananifukuza nikiwa na neno moja mdomoni ambalo lingeangusha ukumbi mzima.

"Ezéchiel," Pascasie akasema. "Mtoto wa watu anasubiri. Msikilize binti yako. Piga magoti."

Na wapendwa, kwa macho yangu haya, mbele ya majaji, kamera, na basi zima la waumini, Pasta Ezéchiel akapiga magoti.

Akatoka barafuni hivyo hivyo, kwa magoti, ameshika mkono wa binti yake wa darasa la tatu kama kipofu.

Ukumbi ukapiga makofi. Sijui walidhani ni nini. Labda walidhani ni sehemu ya onyesho.

Refa akaenda kuzungumza na Falonne. Akamuuliza kama yuko tayari. Falonne akatazama upande wetu.

Nilitaka kumpigia kelele maneno mengi. Nikaweka mikono kifuani tu, kama yeye alivyokuwa ameiweka.

Akarudi mahali pale pale. Akapiga magoti. Taa zikapunguzwa. Piano ikarudi.

Mguu mmoja. Wa pili. Akasimama.

Akateleza mviringo mrefu, akageuka, akatazama mbele, akaruka.

Nilifumba macho. Mimi ni mtu wa imani, lakini nilifumba.

Nilisikia kisu kikigusa barafu. Mlio mmoja, msafi, mrefu. Anayefanya kazi pale anaujua mlio wa kuanguka na wa kutua. Ule ulikuwa wa kutua.

Kocha Ummi akanikamata shingo tukalia wote, kitambaa chake na kilemba changu vimechanganyika.

Falonne akawa bingwa wa taifa wa vijana. Ulaya akaenda. Huko hakushinda, nisiwadanganye. Alikuwa katikati ya wengine, na aliutua mruko wake mbele ya dunia, akarudi ananiambia kule barafu ni ngumu na chai ni mbaya. Sasa anashindana na wakubwa, na mchana anafundisha watoto wadogo pale pale alipokuwa akikaa chini ya kaunta yangu.

Lakini bado sijamalizana na Pasta.

Jumapili baada ya ubingwa, tukaalikwa kanisani kwa shukrani. Nikaenda, maana shukrani ni ya Mungu, wao wana viti tu. Vitenge vimetandikwa tena kuanzia ngazini. Mimi na Falonne tukapita pembeni.

Pasta ana suti mpya. Akashika maikrofoni.

"Wapendwa, wengi mmeona video. Dunia inacheka. Hawajui siri ya rohoni! Mimi niliangushwa ILI MTOTO AINUKE!"

"Amina!" Clémentine akaitika, kiuno kimefungwa bandeji.

"Mama Falonne! Vile viatu viko wapi? Vilete madhabahuni vibarikiwe!"

"Viko kwa fundi, Pasta," nikasema. "Vinanolewa. Bado vinakata."

Kidole chake kikajikunja chenyewe.

Akageuza maneno haraka. "Basi, kanisa zima, tupige magoti tumshukuru Bwana!"

Tukapiga magoti kwenye saruji, wote. Yeye akabaki amesimama, kama jenerali.

Ndipo kutoka benchi la watoto ikatoka sauti ndogo.

"Papa. Na wewe."

Kimya.

"Na wewe, Papa. Piga magoti. Si unajua sasa?"

Nikainua jicho moja, Mungu anisamehe, nilitaka kuona. Kwenye barafu alipiga magoti kwa sababu hakuwa na njia. Sasa njia anayo. Sakafu ni kavu, watu ni wake, mtoto ni wake.

Pasta akatazama watu. Akatazama mke wake. Akatazama suruali mpya.

Akaomba akiwa amesimama.

Basi Pascasie akanyanyuka, akamshika Yolande mkono, wakapita katikati ya kanisa, pembeni ya vitenge, wakashuka ngazi. Tukawafuata. Nyuma yetu nikasikia viti vingine vikisogea.

Sasa hivi tunaombea kwangu Berea, sebuleni, Jumapili mchana. Hatuna maikrofoni. Majirani wa chini wanalalamika kwamba tunaimba, na wana haki. Mwezi uliopita Yolande kachukua nishani yake ya kwanza ya watoto. Baba yake aliiweka kwenye ukurasa wa kanisa na kuandika: "Matunda ya huduma yangu."

Mwacheni.

Kuanguka si dhambi. Binti yangu ameanguka mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ndiye aliyesimama juu kabisa. Ila aliyepigishwa magoti na barafu, akainuka akarudi kusimama kama jenerali mbele za Mungu, huyo hakuinuka. Yuko bado kule chini, anasukuma kwa miguu.